Picha ya Yago Niliyosema Nimeifuta

Ndhiwa, Jumapili jioni

Chacha mwanangu,

Nimekusikia ukifunga zipu ya lile begi mara ya nne sasa. Begi halina neno, wewe ndiye hujatulia, na mimi pia sijatulia, ndiyo maana nimejifungia huku studio nikijidai nakunja nyaya. Mambo ya soksi, dawa ya malaria na nani wa kumpigia simu ukifika Nairobi sitayagusa. Shangazi yako amekufundisha hayo tangu Ijumaa, na nilikuona ukiitikia "ndio auntie" huku macho yako yameenda kwa simu. Mimi nataka tuzungumze juu ya lile faili ulilolikuta kwenye diski ya zamani, lililotufanya tukae siku tatu tukipishana mlangoni kama wapangaji.

Ningekuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikiwa na hasira Kiswahili kinanikimbia, nahamia Dholuo, na wewe ukisikia Dholuo yangu imeanza kwenda mbio unatafuta viatu vyako utoke. Kwenye karatasi siwezi kupiga kelele.

Alhamisi uliniita kwa furaha: "Mathe, kuja uone. Hii ni dhahabu tupu!" Nikaja na mikono yenye unga, nikaona kwenye kioo cha laptopu wazee watatu, jeneza lililo wazi, na shati la samawati. Nikaifunga laptopu, nusura nikubane vidole. Ukaniambia filamu yako ya kwanza chuoni itakuwa ya machimbo ya Macalder, kwamba hakuna mtu mwingine ana picha kama hiyo, na kwamba kuficha ni kudanganya. Halafu ukamalizia, "Lakini wewe huwezi elewa, Mathe. Wewe ni wa kushoot matanga."

Ni kweli, mimi ni wa matanga. Na wa harusi, na wa uzinduzi wa visima, na siku ile mheshimiwa alipochelewa kwa saa tano nikarekodi viti vitupu mpaka betri ikaisha. Neno lako liliniuma kwa sababu limetoka kwako, lakini siandiki ili kulilipiza. Naandika kwa sababu kuna mambo juu ya ile video huyajui, na ukiondoka kesho bila kuyajua utamuumiza mtu ambaye mimi nilishamuumiza.

Nilipoanza kazi hii nilidhani kamera ni kama ndoo ya kuteka maji, kwamba anayerudi na nyingi ndiye aliyeshinda. Msibani nilitaka machozi ya mjane, tena niyapate kwa karibu. Harusini nilitaka mama wa bibi harusi akijifuta kamasi nyuma ya jikoni, mahali alipokimbilia ili asionekane. Watu walinisifu. Walisema, "Huyu mama yake Chacha, Min Chacha, haachi kitu," na mimi kichwa kikavimba, kwa sababu wapiga video wengine mtaani walikuwa wanaume na hakuna aliyewahi kusifiwa hivyo.

Kuna harusi moja ya kule Kisegi niliyodhani nimeiharibu kabisa. Wakati wa pete, mjomba mmoja mwenye mgongo kama kabati alisimama mbele yangu na simu yake juu. Nikamvuta shati, hakusikia. Kwa kukata tamaa nikageuza kamera, nikamkuta nyanyake bibi harusi kwenye benchi la mbele, amenyoosha shingo, midomo yake inatamka kiapo pamoja na mjukuu wake, neno kwa neno. Pete sikuipata. Sauti za maharusi nilikuwa nazo, na yule nyanya, basi. Nilipeleka ile video nikiwa tayari kutukanwa. Bibi harusi akanipigia baadaye akasema kila akifika hapo analia, kwamba hapo ndipo anaona harusi yake. Unajua nilifanya nini na somo hilo? Nilinunua stendi ndefu zaidi ili mjomba mwingine asinishinde. Kichwa changu kilikuwa kigumu hivyo.

Sasa nikueleze huyo mwenye shati. Wewe ulikuwa darasa la pili wakati huo. Aliitwa Ouma. Kwenye video wazee wanasikika wakitaja Macalder lakini yeye hawamtaji, na faili halina jina ila namba, kwa hiyo hukuweza kujua. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Mama Akinyi. Ndiyo, huyo huyo Mama Akinyi wa kule barabarani karibu na Rodi, anayekufungia njugu kwenye karatasi kila ukipita na kukuuliza kama umeongeza urefu. Hajawahi kukutajia Ouma, na mimi pia sikukutajia.

Ouma alienda Macalder kuchimba dhahabu kama vijana wengi. Siku moja maji yakaingia shimoni. Walikuwa wanne chini, watatu wakatoka. Mwenye shimo alileta pampu moja, ikafanya kazi siku mbili ikafa, naye akapotea pamoja na simu yake. Watu wa nyumbani walikaa pale kwenye mdomo wa shimo siku tisa. Siku ya kumi wazee wakasema inatosha, mtu hawezi kuachwa bila kuzikwa kwao.

Wewe nusu ya damu yako, ile yangu, ni ya Waluo wa huku, kwa hiyo unajua kidogo yanayofuata. Mwili ukikosekana, tunazika yago badala yake, lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye mvungunya. Linavikwa nguo za marehemu, linalazwa ndani ya sanduku, linaliliwa. Familia ile ni Wasabato, na kanisa halipendi mambo hayo. Lakini mzee wa kanisa alikuwa mtu mwenye akili. Alisema, "Mimi nitaombea sanduku. Kilichomo ndani sijaulizia, na nyinyi msiniambie." Ikakubaliwa kwamba sanduku halitafunguliwa na hakutakuwa na kuaga mwili. Kila mtu alijua, na kila mtu aligeuza uso kidogo, ili mama yule apate mahali pa kulilia.

Kaka mkubwa wa Ouma alikuwa Qatar na alinyimwa ruhusa ya kuja. Alinipigia simu analia. "Min Chacha, shoot kila kitu. Usiache hata kidogo. Nataka nione kama niko hapo." Kwa hiyo alasiri wazee watatu walipoingia ndani na yago na kufunga mlango, mimi nilibisha. Wakasema hapana. Nikasema kifungua mimba wa nyumba hii ndiye aliyenituma. Wakatazamana, wakanifungulia. Mmoja wao alinipa mgongo muda wote niliokuwa mle ndani. Umeiona video, umeuona ule mgongo. Mimi nilikuwa pale pale, nikauona kwa macho yangu, nikazunguka upande wa pili ili nipate uso wake.

Nilipiga vizuri, Chacha. Hilo umeliona na ndiyo maana ukaita dhahabu. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri. Mzee alikata kikonyo kwa kisu, akalivalisha tunda lile shati la samawati, akafunga kifungo kimoja kimoja, polepole, kama anamvalisha mtoto wa shule. Kola ikakaa pale bila shingo. Sijawahi kupiga kitu kizuri kama hicho kabla wala baada, na nilijua hivyo nikiwa bado nimeshika kamera. Nilikuwa na furaha. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini ndilo.

Kesho yake walizika. Mama Akinyi alisimama kaburini, akaongea na sanduku lile kama anaongea na mtu aliyerudi kutoka safari. Alimwambia Ouma karibu nyumbani, umechoka, pumzika. Wiki ile alipata usingizi. Majirani walisema ameanza kula.

Halafu mimi nikamaliza video. Ile sehemu ya yago niliitanguliza mwanzoni kabisa, kwa sababu bidhaa nzuri huwekwa mbele ya duka. Nikaipunguza mwendo. Nikaweka na muziki wa kinanda, Mungu anisamehe. Nikaipeleka mwenyewe siku ya Jumapili, maana nilitaka kuona nyuso zao wakiitazama. Walikuwa wamejaa sebuleni, vitambaa vya kochi vimefuliwa, chai imemiminwa. Mama Akinyi aliketishwa karibu na kioo.

Ilipofika kwenye kifungo cha pili, aliweka kikombe chini. Akasema, "Rudisha." Mimi nikadhani amependa. Nikarudisha nyuma, nikaicheza tena tangu mwanzo. Alikuwa anataka nimrudishie kitu kingine kabisa, kitu ambacho nilikuwa nimeshakichukua, na hakuna kitufe chake kwenye mashine yoyote. Aliitazama mara ya pili mpaka mwisho wa vifungo. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza nani ameacha mlango wazi: "Kwani nilimzikia hiyo shati na tunda?"

Mtu mmoja akamwambia, "Lakini mama, ulijua." Akasema ndiyo, alijua. Akasimama, akaenda jikoni, na chai ikapoa.

Baada ya mwezi nikasikia anaenda Macalder. Kila siku ya soko alikuwa anabeba chupa ya uji, anapanda gari mpaka Migori, anashika lingine, anaenda kukaa kando ya lile shimo lililojaa maji. Wachimbaji walikuwa wameshahamia mashimo mengine. Walimzoea, wakamwita Mathe wa shimo. Watu wa huku walisema amerukwa na akili. Kaburi la nyumbani liliota majani, hakulikaribia tena.

Nilienda kumfuata. Nilikaa siku nyingi kabla ya kwenda, usidhani mimi ni shujaa. Nilimkuta amekaa kwenye gogo, chupa ya uji miguuni. Nikamwambia, "Mama, inuka. Twende nyumbani." Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Akaniambia, "Min Chacha, kwani unafikiri mimi sikujua ni yago? Nani hajui? Lakini sanduku ikiwa imefungwa, Ouma alikuwa ndani. Mimi nilimweka, na machozi yangu, na ile maombi, akakaa. Wewe ukafungua. Sasa pale nyumbani kuna tunda, na mtoto wangu ako hapa kwa maji."

Chacha, watu watakufundisha huko mambo mengi juu ya kwa nini mtengenezaji wa filamu huamua tukio fulani lisionekane. Watasema ni heshima. Watasema ni mbinu ya kumfanya mtazamaji aogope zaidi. Labda yote ni kweli, wamesoma. Mimi nilijifunza yangu kwenye gogo lile. Kamera yangu ilirekodi kitu kilichokuwa mle chumbani bila kuongeza wala kupunguza, na bado ilidanganya, kwa sababu jambo lililokuwa likitendeka halikuwa ndani ya chumba. Lilikuwa nje, hemani, kwenye kichwa cha mama aliyekuwa ameuangalia mlango uliofungwa na kumjenga mwanawe nyuma yake. Kamera haina namna ya kupiga hicho. Inaweza tu kukaa nje naye.

Nilirudi nikapekua kila nilichorekodi. Nikapata vipande viwili vya mlango wa nje, nilivyopiga kabla sijabisha, wakati bado natafuta mwanga. Mlango umefungwa, kuku anapita, sauti za wazee zinasikika ndani lakini maneno hayashikiki, na kando ya picha unaonekana mgongo wa Mama Akinyi na leso yake. Nikatoa yago. Nikatoa kinanda. Nikaweka mlango, nikauacha dakika mbili nzima, kiasi kwamba mteja yeyote angeniuliza kama mashine imekwama. Nikaenda naye jikoni kwake, sisi wawili tu. Mlango ulipotokea akasema, "Acha hapo." Akautazama. Mkono wake ukashika leso, ile ile. Akasema, "Sasa ndio hii. Hapa ndipo nilikuwa."

Sitakudanganya kwamba mlango ulimponya. Alipunguza safari za Macalder, akang'oa majani kaburini, akapanda maua. Lakini mvua kubwa ikinyesha bado huuliza wanaotoka upande ule kama maji ya shimo yamepanda. Nilichovunja niliunganisha kwa gundi, na gundi inaonekana.

Siku ile jikoni aliniuliza, "Na ile nyingine?" Nikamwambia nimeifuta, pamoja na nakala niliyomtumia kaka yake Ouma huko Qatar. Ya kaka nilimwomba aifute, akafuta. Yangu sikufuta. Nilimwangalia mama yule machoni nikamwambia nimefuta, halafu nikarudi nyumbani nikaificha kwenye diski na kuipa namba.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka yote. Nilijiambia ni kumbukumbu, ni desturi zetu, siku moja wasomi watahitaji. Maneno matupu. Niliiweka kwa sababu ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na sikuweza kuvumilia isiwepo. Kila mwaka huwa naifungua mara moja, peke yangu, natazama vile vifungo. Kwa hiyo uliponiambia mimi ni wa matanga tu, ukiwa umeshika mkononi ushahidi kwamba niliwahi kuwa zaidi ya hapo, mtoto wangu, hukujua ulipiga wapi.

Kuhusu Macalder yenyewe, una haki, na nilipaswa kukuambia Alhamisi badala ya kukufungia laptopu. Yale mashimo bado yanakula vijana. Ipige filamu hiyo. Piga mbao zilizooza, piga pampu iliyokufa, mtafute mwenye shimo aliyezima simu, na ukimpata usimwonee haya, mwonyeshe mpaka matundu ya pua. Aibu ina wenyewe, na hao ndio wenyewe. Nisije nikasikia kwamba mama yako alikufundisha kuwafichia wakubwa. Ila ukifika kwa aliyefiwa, jiulize unalipiga tukio au unaliiba. Mimi nilikuwa na kibali, nilitumwa na mwenye nyumba, na bado niliiba.

Tukitofautiana hapo, tutofautiane. Una miaka kumi na tisa na macho mazuri kuliko yangu. Ile filamu yako ya shule uliyomwaga soda nyekundu sakafuni nusu lita, ukasema ni damu, nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini kuna sehemu moja ambapo ulimwacha yule msichana atoke kwenye picha, tukabaki tunasikia viatu vyake vikienda. Nilinyamaza wakati ule. Nilipaswa kukusifu.

Sasa jambo la mwisho, ambalo ndilo gumu. Leo mchana, wakati unafikiri nimeenda sokoni, nilienda kwa Mama Akinyi. Nilimwambia video ipo. Nilimwambia sikuwahi kuifuta, na kwamba mwanangu ameiona bila kujua ni ya nani na anataka kuipeleka Nairobi. Alikuwa anachagua njugu kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Wewe huwa unaiangalia?" Nikasema ndiyo. "Mara ngapi?" Nikasema kila mwaka.

Akachagua njugu kidogo. Akasema, "Yawa, Min Chacha. Kumbe ni wewe hujazika."

Nikalia pale uani kwake kama mtoto, na yeye akaendelea na ungo wake mpaka nikamaliza. Nikamwomba aniambie nifute, nifute papo hapo mbele yake. Akakataa. Alisema nikifuta kwa sababu ya kumwogopa yeye, kijana huyo ataenda akifikiria tunaficha kitu kibaya. "Mwambie apite hapa kwanza. Aje nayo. Aniketie, nimwambie Ouma alikuwa mtu wa aina gani. Halafu yeye mwenyewe ataona."

Kwa hiyo diski nimekuwekea kwenye mfuko wa mbele wa begi lako. Nakala nyingine haipo popote, hilo sasa ni kweli, na ukitaka kunikagua nikague. Gari lako linapita Rodi. Mwambie dereva akushushe kwa Mama Akinyi, magari ya Nairobi yanapita pale asubuhi yote, utapata lingine. Usiwashe kamera. Akikupa chai kunywa, hata ikiwa na sukari nyingi. Utakapoinuka utaamua la kufanya na ile video, na uamuzi wako utakuwa wako. Nimeshikilia kitu kisicho changu muda mrefu mno, siwezi tena kujidai mimi ndiye hakimu.

Sitakusindikiza huko. Nimezoea kuwepo kila mahali na kuona kila kitu, lakini hapo nitabaki nyumbani. Mtakayozungumza wewe na yeye, na utakachofanya ukitoka mlangoni pake, nakuomba usinisimulie kamwe.

Nakupenda kuliko ninavyojua kusema.

Mama yako